Sigara Niliyoiita Dawa ya Hofu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa jibu nililompa daktari. Aliniuliza kama navuta sigara, nikamwambia ndiyo, ila hiyo tuiache, maana ndiyo inayonisaidia. Akaiacha. Nje alikuwa na foleni ya watu mpaka kwenye ngazi, na mimi nilisema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kusoma kila kitu kwenye simu yake. Tukaenda kwenye moyo, tumbo, damu na mkojo, na huko tukazunguka kwa muda ambao nikiukumbuka sasa napandwa na hasira.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali leo, aliyepimwa kila kitu akaambiwa hana kitu, na bado anahisi anakufa. Sitamfundisha udaktari, siujui. Nitamweleza yaliyonipata, aone kama yanafanana na yake.

Kazi yangu ni kupiga marumaru hapa Dodoma. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kuangalia video na kwa kuharibu sakafu ya mama yangu kule Kondoa, ambayo niliibomoa na kuipiga upya mpaka mama akasema nimrudishie udongo wake. Mji unajengwa kila upande, kazi ipo, na mimi nilipata jina kwa sababu mistari yangu inanyooka. Hilo ni jambo zuri likiishia ukutani. Kwangu halikuishia hapo. Kigae kimoja kikizidi kingine unene wa ukucha, nilibomoa ukuta mzima, huku mwenzangu ameshaosha vifaa na kuvaa shati la kurudia nyumbani.

Mwenzangu huyo anaitwa Ndahani, Mgogo wa Buigiri, kanizidi umri kidogo. Havuti, na anaongea kuliko redio.

"Wewe Mrangi," alikuwa akiniambia, "hiki ni choo. Mtu akiingia humu haangalii mistari, ana shida zake."

Nilicheka, nikabomoa.

Sigara niliianzia huko huko kazini. Kwenye ujenzi, mtu akikaa bure anaitwa mvivu, anatumwa ndoo ya mchanga. Akikaa na sigara anaachwa, wanasema fundi anafikiri. Sikujua njia nyingine ya kupumzika ambayo haikuhitaji maelezo. Kwa hiyo kila nilipokwama kwenye kona, au kila mwenye nyumba alipokuja kukagua, nilitoka nje, nikachuchumaa, nikawasha. Nilikuwa nanunua moja moja dukani, na kwa sababu nanunua moja moja nilijiona si mvutaji hasa.

Siku ya kwanza ya ugonjwa ilinikuta Ihumwa, msimu wa upepo, vumbi jekundu likipita kila tundu. Nilikuwa bafuni, chumba kidogo kisicho na dirisha bado, nimeshika kigae kwa mikono miwili. Ghafla moyo ukaanza kukimbia kama nimefukuzwa. Vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, macho yakaona ukuta unanisogelea. Niliwaza jambo moja tu, kwamba nakufa na saruji haijashika. Nilitupa kigae, nikatoka mbio, nikakaa juu ya lundo la mchanga. Ndahani akaja na maji. Mimi nikaomba kiberiti.

Baada ya kuvuta mara chache, moyo ukashuka. Mikono ikarudi. Dunia ikakaa sawa.

Sasa nani, kwa haki kabisa, asingeiita dawa?

Tangu hapo nikahama kutoka tiba moja kwenda nyingine, na naikumbuka miezi ile kwa majina ya magonjwa ambayo sikuwa nayo. Kwanza ulikuja msimu wa taifodi. Zahanati ya kwanza walisema ni taifodi pamoja na U.T.I., nikameza vidonge vikubwa mpaka mdomo ukawa na ladha ya msumari. Nilipomaliza wakapima tena, wakasema imebaki kidogo, nikameza tena. Halafu ukaja msimu wa vidonda vya tumbo, nikaacha pilipili, maharage, chai ya rangi na kila kitu kinachomfanya mtu aone raha ya kuamka. Mahindi yalikuwa yameshaanza kutoa mbelewele mashambani nilipoingia msimu wa moyo. Walinilaza kitandani, wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari. Daktari akaiangalia.

"Moyo wako mzuri."

"Mbona unakimbia?"

"Punguza mawazo."

Hilo neno! Nimeambiwa nipunguze mawazo na madaktari, na mwenye duka, na dereva wa bajaji, na mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Wanalisema kama vile kuna kitufe mahali, kama cha kupunguzia sauti. Ningekuwa na sehemu ya kuyapunguzia ningeshayapunguza, nikapumzika na nyinyi wote.

Kwenye benchi la kusubiri majibu nilikaa na mama mmoja wa makamo, kabeba karanga kwenye kitenge. Nilimwamkia.

"Marahaba baba. Unaumwa nini, mbona mzima?"

"Moyo unakwenda mbio, mama."

"Aa, mawazo hayo. Umeoa?"

"Nimeoa."

"Basi ndiyo hayo."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, halafu nikatoka nje kuvuta kwa sababu kicheko kile kilinipandisha moyo. Niliporudi jina langu lilikuwa limeshaitwa na kupita, nikarudishwa mwisho wa foleni. Hilo lilinitokea zaidi ya mara moja. Nilikuwa nakosa daktari kwa sababu nimekwenda kunywa dawa yangu.

Mwili ukabadilika. Suruali za kazi zikaanza kunidondoka, nikazifunga kwa kamba ya mfuko wa saruji. Taya ziliuma kila asubuhi, kumbe nilikuwa nasaga meno nikiwa usingizini. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa na rangi ya chai, nikavisugua kwa jiwe mpaka vikachubuka, maana sikupenda mwenye nyumba avione vikishika kigae chake cheupe. Mapigo ya moyo nilikuwa nayasikiliza shingoni hata nikiongea na mtu. Anaongea yeye, nasikiliza shingo yangu.

Lililoniumiza zaidi ni kazi. Nilishindwa kuingia vyumba vidogo. Varanda niliweza, sebule niliweza mlango ukiwa wazi, lakini bafuni, nikiinama tu kwenye kona, kifua kinabana. Tukagawana, Ndahani apige bafu na mimi nipige nje. Lakini wenye nyumba hawaniiti mimi kwa ajili ya nje. Wananiita kwa sababu ya bafu, ndiko mistari inakoonekana. Mmoja alikuja akamkuta Ndahani amechuchumaa humo, akauliza yule fundi mwenyewe yuko wapi. Ndahani akamwonyesha mimi, nimekaa mchangani na sigara.

"Anafikiri," akasema.

Yule mtu hakutuita tena. Wengine wakafuata. Nilijua wazi kinachokuja: nyumba za sasa zina bafu nyingi na varanda moja, na fundi asiyeingia bafuni atafute kazi nyingine. Mimi sikuwa na nyingine. Kitu pekee nilichowahi kujifunza kikamilifu maishani, tena peke yangu, kilikuwa kinaniponyoka.

Nyumbani tulikuwa tumepanga vyumba viwili Majengo, mimi, mke wangu Mwanaidi, na binti yetu Nasra aliyekuwa bado ananyonya. Mama alishuka kutoka Kondoa kuja kutusaidia kulea, akajikuta anatulea wote. Na ninyi mnaosoma msidhani nilivuta kwa kujificha. Nyumba nzima ilishiriki. Mwanaidi aliweka sigara moja ya akiba kwenye kopo la majani ya chai, kwa ajili ya dharura. Nikianza kuhema, mama alisema kwa sauti ya mtu anayemhudumia mgonjwa:

"Mpeni sigara yake atulie, jamani. Mwanaidi, mwanangu, mpe."

Mwanaidi alinipa. Nilivutia nje, nikarudi nimetulia, mama akamshukuru Mungu. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yetu. Tulikuwa tunaona kwa macho yetu.

Halafu Ramadhani ikaingia, mvua zikiwa bado zinanyesha. Nilifunga siku za mwanzo, na zilikuwa mbaya kuliko zote. Kabla hata ya saa ya chai ya kazini, mikono ilianza kutetemeka, na adhuhuri nilikuwa nimelala kwenye mchanga, Ndahani amenishikia mwavuli kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, anampigia Mwanaidi.

"Shemeji, huyu leo simwelewi. Njoo umwone."

Jioni ile tukakaa kikao. Mama akasema dini haimtesi mgonjwa, na imamu wa mtaani kwetu alipoulizwa naye akasema hivyo hivyo: mtu akiwa mgonjwa afungue, akipona atalipa siku zake. Kila mtu alisema kweli. Kosa lilikuwa katika maelezo niliyowapa. Niliwaambia njaa inaniua, moyo wangu hauwezi njaa.

Basi nikafungua. Mwanaidi naye hakuwa amefunga kwa sababu ya kunyonyesha. Mama, yeye mwenye swaumu yake, alitupikia uji wa pilipili manga asubuhi, akautenga vikombe viwili.

"Mwaka huu nina wazazi wawili," akasema. "Mmoja amejifungua mtoto, mwingine sijui amejifungua nini."

Nilikunywa uji ule kwa aibu. Nilivutia nyuma ya choo cha uani ili majirani waliofunga wasisikie harufu. Na niliona, naapa niliona, kwamba hofu ilipungua tangu nifungue. Nikasema mnaona? Ilikuwa njaa.

Baada ya Idi nilirudi hospitali na mistari ile ile mizuri ya moyo, daktari akaniandikia niende kliniki ya afya ya akili. Nilikasirika. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa kliniki ile, nimevuta kofia usoni, nikiogopa asije akapita mtu ambaye nimempigia sakafu. Ndani nikamkuta muuguzi, mama mtu mzima, amechoka, chai yake imeota utando.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Hofu yako inakuja wakati gani?"

"Wakati wowote."

"Hakuna wakati wowote. Leo imekuja saa ngapi?"

"Nikiwa hapo nje, nasubiri."

"Umesubiri sana?"

"Tangu asubuhi."

"Na sigara ya mwisho?"

"Asubuhi. Lakini hiyo ndiyo inayonisaidia, mama. Nisingekuwa nayo ningeshakufa."

"Sijakwambia uache. Nimekuuliza saa."

"Nashindwa kuona inahusiana vipi."

"Basi nenda ukaangalie, halafu uje tugombane vizuri."

Daktari wa kliniki ile akanianzishia vidonge, nikapangiwa kuja kuzungumza na yule muuguzi mara kwa mara. Nilitoka nimenuna. Nilikuwa nimetarajia jina la ugonjwa, jina refu ikiwezekana, nikapewa kazi ya kuangalia saa.

Sikuangalia. Aliyeangalia ni Mwanaidi.

Ilipofika baridi, ile baridi ya katikati ya mwaka inayomfanya mtu wa Dodoma avae koti mchana, Mwanaidi akasema anaanza kulipa siku zake za Ramadhani, na mimi nilipe zangu, tulipe pamoja, Jumatatu na Alhamisi. Vidonge vilikuwa vimenisaidia kidogo, ila vyumba vidogo bado vilinishinda. Nilimuuliza daktari, akaniruhusu nifunge, nimeze kidonge usiku. Nikakubali kwa sababu sikupenda deni la swaumu likae. Mimi kitu kisichokamilika kinaniwasha.

Siku hizo zikawa kama zile za mwanzo wa Ramadhani. Asubuhi natetemeka, mchana nagombana na kila mtu, jioni sifai. Adhana ya magharibi ikilia, Mwanaidi ananyoosha mkono kwenye tende, mimi nanyoosha kwenye kiberiti. Nilikuwa nafungulia mlangoni, moshi kwanza, tende baadaye. Naingia ndani nimetulia, nakula.

Jumatatu moja akaniangalia, akaweka kikombe chini.

"Baba Nasra, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Unasema njaa ndiyo inakuumiza."

"Ndiyo."

"Mbona unatulia kabla hujala?"

Nilimwambia asianze. Nilimwambia yeye hajui mambo ya mwili. Nikasema maneno mengine ambayo sitayaandika. Akaendelea kumenya kiazi, kwa sura ya mtu anayesubiri.

Alhamisi iliyofuata kulikuwa na msiba mtaani. Mwenye duka letu alifiwa, na maduka ya jirani yakafunga kwenda kuzika. Adhana ikalia, sina hata moja, na kopo la majani ya chai lilikuwa tupu kwa sababu nililimaliza mwenyewe Jumatano. Nikasema hapana shida, leo nitakula kwanza. Nikala tende, nikanywa uji, nikala tambi, nikala viazi vya nazi, nikanywa chai ya maziwa. Nilishiba mpaka nikalegeza kamba ya suruali. Na mikono bado inatetemeka. Moyo bado unakimbia. Kifua kimebana vile vile.

Mwanaidi akaanza kukusanya vyombo. Mama, aliyekuwa amempakata Nasra, ndiye aliyeuliza:

"Bado una njaa?"

Nikatoka. Nikatembea mpaka upande wa pili wa soko, nikapata duka lililo wazi, nikanunua moja, nikaivutia pale pale nimesimama kando ya magunia ya mtama. Kabla haijafika nusu, mwili ukatulia wote. Nilisimama nikiitazama ile sigara kwa ghadhabu ambayo sijawahi kumwonyesha binadamu. Miaka yote nilikuwa namlipa huyu mtu anizimie moto, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anauwasha, anakwenda kusubiri dukani.

Nikarudi nyumbani.

"Umeshiba sasa?" Mwanaidi akauliza.

Nilikaa chini, na kwa mara ya kwanza nilimhesabia yeye, nikisema kwa sauti, kila mahali hofu iliponikuta: bafuni baada ya kazi ndefu bila kutoka, kwenye benchi la hospitali, kwenye basi la Kondoa, msikitini siku ya Ijumaa hotuba ikirefuka. Zote ni sehemu ambazo mtu hawezi kuvuta. Mimi nilikuwa nimesema ni sehemu ndogo.

Nilirudi kwa muuguzi nikiwa tayari kugombana vizuri, nikajikuta sina hoja. Nilimwambia yaliyonipata Alhamisi ile. Hakufurahi kama nilivyotarajia, alitikisa kichwa tu, akaniambia wiki za mwanzo za kuacha hofu itapanda kabla haijashuka, na nisije nikasema sijaambiwa. Akaniambia pia nisitegemee kwamba sigara ndiyo ugonjwa wote. Nina hofu yangu ya asili, alisema, ya kutaka kila kitu kinyooke, na hiyo tutaendelea kuizungumza. Lakini tuondoe kwanza huyu anayeichochea.

Nikaacha. Ingekuwa vyema niseme niliacha kiume, lakini niliacha vibaya. Nilikohoa vitu vyeusi. Nililala kama mtu aliyelazwa juu ya kokoto. Ulimi ukatoka vidonda, na njaa, hii ya kweli sasa, ikanifanya nile mpaka makoko ya sufuria. Nililia kwa sababu Nasra alimwaga maji. Nilivunja vigae vizima kwa kuvikata vibaya, mimi! Ndahani alikuwa ananiletea karanga za kukaanga kutoka kwao, nazitafuna mchana kutwa.

"Mrangi amekuwa panya," akawaambia wenzetu. "Msiache gunia wazi."

Lakini alinifanyia jambo ambalo sitalisahau. Nilipokuwa nakwama, natoka nje, nakaa mchangani mikono mitupu. Siku ya kwanza msimamizi akapita, akaniita nikabebe ndoo. Ndahani akatoa kichwa dirishani.

"Mwache huyo, fundi anafikiri!"

"Anafikiri na nini, hana hata sigara?"

"Na kichwa. Wengine tunacho."

Wakacheka, nikaachwa nikae. Nilipumzika bila moshi na dunia haikuanguka.

Mwezi wa pili wa kuacha, hofu ikaanza kuwa na mapengo. Zikawa zinapita siku ambazo sikusikiliza shingo yangu. Nikaingia bafuni kumpa Ndahani pimamaji, nikatoka, na nikakumbuka nikiwa nje kwamba nimeingia.

Halafu baba mdogo akafariki Kondoa. Matanga, wanaume tumekaa nje kwenye mkeka, pakiti inazungushwa kama kahawa. Ilipofika kwangu nikachukua. Sikufikiri. Nilipomaliza nikasema moyoni, basi, nimeharibu. Miezi yote ile imekwenda. Nikainuka nikanunua pakiti nzima, kitu ambacho hata zamani sikukifanya, nikaenda nyuma ya nyumba kuimaliza. Mtu kama mimi akikosea kidogo hupenda kukosea kabisa, angalau hilo liwe kamili.

Mwanaidi alinifuata huko, mtandio begani, ametoka jikoni kwenye sufuria za msiba, macho mekundu kwa moshi wa kuni.

"Ngapi?"

"Moja. Ila nimeshaharibu, Mwanaidi. Kila kitu. Bora niache kuacha."

"Mwaka jana nilipotapika, mimba ya Nasra, nikafungua siku. Nilikula na siku zilizobaki?"

"Hapana."

"Nilifanyaje?"

"Uliendelea kufunga. Ile ukailipa."

"Ile moja. Sikuirudia Ramadhani nzima kwa sababu ya siku moja. Wewe una wazimu gani wa kubomoa? Hii siyo marumaru yako hii. Siku imekwenda, utailipa, kesho ni swaumu kama kawaida. Nipe hiyo pakiti, nina ubwabwa unaungua."

Nikampa. Akaitupa kwenye kuni za msiba, akarudi kwenye sufuria yake bila hata kugeuka kuniangalia. Alikuwa amechoka na mimi, haki yake. Nilikaa pale nyuma ya nyumba, kifua kimebana, mikono inatetemeka, na sikufanya chochote. Ikachukua muda. Ikashuka yenyewe. Sikujua kwamba inaweza kushuka yenyewe. Tangu siku ile ya Ihumwa sikuwahi kuipa nafasi hiyo, kila mara niliikatiza kwa kiberiti na kusema kiberiti ndicho kilichoniokoa.

Niliporudi Dodoma tulikuwa na nyumba ya kumalizia, na Ndahani alikuwa na homa. Mwenye nyumba anahamia, bafu moja limebaki, dogo, la ndani kabisa. Nikaingia. Upepo ulikuwa unaleta vumbi kwenye gundi, ikabidi nifunge mlango. Hofu ilikuja nilipofika kwenye kona. Nilichuchumaa humo humo, nikaweka kiganja kwenye sakafu ya baridi, nikahema polepole nilivyofundishwa kliniki, nikasubiri. Ilipopungua nikaendelea. Ikaja tena, ndogo zaidi. Nilitoka jioni nimelowa jasho, na mstari mmoja karibu na bomba ulikuwa umepinda kidogo. Niliuona. Nikauacha, nikaosha vifaa.

Leo hii sivuti. Niliteleza mara nyingine moja, nikaendelea siku iliyofuata. Vidonge bado nameza na daktari anavipunguza polepole, na kwa muuguzi bado nakwenda, siku hizi nakaa kwenye kile kiti bila kofia. Ramadhani iliyofuata nilifunga, mchana nikisikia njaa tu, njaa ya kawaida ya tumbo. Hofu bado hunijia, zaidi kabla ya kukabidhi kazi. Huja, hukaa, huondoka. Mwanaidi hunikasirikia kwa mambo mengine. Wiki hii tumepata nyumba yenye bafu nne. Tumegawana, Ndahani mbili na mimi mbili.